Jibu la Ukumbini

Mektilda alimkataza mama yake asije. Hakumkataza kwa ukali. Alimpigia simu na kumwambia, kwa sauti ya mtu anayehurumia, kwamba shughuli yenyewe ni ya kukaa kwenye viti vya plastiki kutwa nzima, watu wanaongea Kiswahili cha ofisini, na magoti yake yangemsumbua bure. Mama yake, Nyanjige, aliyekuwa akiishi peke yake Dutwa, alijibu, "Haya, ng'wanawane," haya mwanangu, na mazungumzo yakaishia hapo.

Shughuli hiyo ilikuwa ya kwanza ya kikundi chao. Wakazi kadhaa wa Bariadi walikuwa wamechoka kusikia kwamba Simiyu ni mkoa mpya, kana kwamba na watu wake walianza kuishi siku ulipotangazwa. Wakaungana chini ya mzee Januarius, mstaafu wa ushirika, wakakubaliana kwamba kila mwezi watafungua ukumbi kwa yeyote anayetaka kuja, wazungumze historia ya biashara na uchumi wa kwao: pamba ilinunuliwa na nani, maduka ya mwanzo yalifunguliwa na watu waliotoka wapi, minada ya ng'ombe ilihamahama kwa nini. Mektilda, mwalimu wa historia wa sekondari, ndiye aliyezunguka kukusanya picha, akaandika maelezo ya mabango, na siku yenyewe ndiye aliyeshika kipaza sauti.

Mabango yalipendeza. Lilikuwepo la wakulima, la vyama vya msingi, la vinu vya kuchambua pamba, na la wenye maduka waliohamia kutoka Tabora na Kigoma na mbali zaidi. La wanawake waliopika pombe msimu wa pamba halikuwepo. Wala Mektilda hakuwa amelisahau.

Angelisahau vipi? Alikulia ndani ya harufu ya kimea. Baba yake alikwenda Geita kutafuta dhahabu, akaoa huko huko, na Nyanjige akabaki Dutwa na shamba dogo na mtoto mmoja. Pamba ilipoanza kununuliwa na wakulima kushika fedha, Nyanjige alipika pombe ya mtama na kuiuza mchana kweupe, na gongo akaiuza nyuma ya nyumba. Sare ya shule ya Mektilda ilianikwa kamba moja na magunia ya mtama uliooteshwa, na hata ifuliwe vipi, ilinuka. Wenzake walimpa jina la Kimea. Mwaka mmoja mgambo walimkamata Nyanjige, wakamtwisha pipa lake kichwani na kumzungusha soko zima huku watoto wakimfuata kwa vigelegele. Lakini ada ililipwa, kuanzia sekondari mpaka chuo. Mektilda alipoajiriwa, mama yake aliokoka, akavunja chungu cha mwisho kwa mikono yake, na jambo hilo halikuzungumzwa tena. Alipoolewa, wakwe zake wa Binza, kule Maswa, waliambiwa kwamba mama wa bibi harusi ni mkulima. Na kweli alikuwa mkulima.

Siku hiyo ukumbi ulijaa. Baba mkwe wake, mzee Luhende, alikaa mstari wa mbele, kofia yake magotini. Pembeni yake alikaa mgeni aliyetoka Mwanza, dada mmoja mtafiti wa chuo kikuu aitwaye Faraja, mzaliwa wa Iringa. Maelezo yakatolewa, watu wakauliza maswali, wakachekeshana kuhusu mizani za zamani. Ndipo sauti ya mwanamke ikapanda kutoka nyuma.

"Mwalimu, nami nina neno."

Alikuwa Bi Fatu, muuza chai na maandazi wa Dutwa, ambaye kibanda chake kilipakana na nyumba yao miaka yote ile. Alisimama na ushungi wake wa kijani, mkono mmoja kiunoni.

"Nimetazama picha zenu zote. Nimeona wenye pamba, nimeona wenye mizani, nimeona wenye maduka. Hao watu hawakula? Hawakunywa? Sisi wanawake tuliokuwa tunapika pale gulioni msimu mzima, mbona hatumo?"

Watu wakacheka kwa kumkubali. Mwanamume mmoja akadakia, "Na wa gongo nao wawekwe!" Kicheko kikawa kikubwa zaidi.

Faraja hakucheka. Alinyoosha mkono, akasema lile ni swali zito kuliko linavyosikika. "Ningependa mwalimu atusaidie. Pombe ilikuwa na nafasi gani katika uchumi wa msimu? Hao kina mama walikuwa wafanyabiashara wa aina gani?"

Mektilda aliinua macho kutafuta pa kuanzia, na macho yake yakamwangukia mama yake.

Alikuwa amekaa kando ya Bi Fatu, kavaa kitenge chake cha kanisani, pochi kaipakata. Alikuwa akitabasamu. Halikuwa tabasamu la mtu aliyefumaniwa mahali alipokatazwa. Lilikuwa la mzazi aliyefika shuleni siku ya kutoa zawadi, anayesubiri jina la mwanawe lisomwe. Alisogea mbele kidogo kwenye kiti ili asikie vizuri.

Mzee Luhende naye alikuwa anasubiri, na ukumbi mzima pamoja naye.

"Mama lishe tutawatafutia nafasi," Mektilda alisema. "Lakini wa pombe, tusidanganyane. Mkulima anavunjika mgongo mwaka mzima, anauza pamba asubuhi, na jioni hana hata cha kununulia mtoto daftari. Wale walikuwa wanawake wachache waliokosa adabu, waliosubiri jasho la wenzao. Ile haikuwa biashara. Ulikuwa uharibifu, na historia ya biashara ya mkoa wetu haina sababu ya kuupamba."

Makofi yakapigwa. Mzee Luhende alitikisa kichwa kwa kuridhika. Bi Fatu alibaki amesimama, mdomo wazi, kisha akakaa taratibu kama mtu aliyesukumwa begani. Nyanjige hakubadilika sana. Tabasamu lilibaki pale pale midomoni. Macho tu ndiyo aliyashusha, akaanza kufungua na kufunga zipu ya pochi yake.

Watu walipotoka nje kunywa soda, Mektilda alimkuta mama yake na Bi Fatu wamesimama kwenye kivuli cha ukuta. Alitaka kumkimbilia, lakini Faraja alikuwa anamfuata nyuma akiendelea kuuliza, na mzee Luhende, aliyemjua mama huyo kuwa mkulima tu, hakuwa mbali, amewapa mgongo.

"Mwadila, mayu," Mektilda alisema, akainama. Hiyo ni salamu anayopewa mwanamke yeyote wa Kisukuma aliyekuzidi umri, wa kwenu na asiye wa kwenu.

"Mwadila."

Faraja alimsalimia naye kwa heshima, akauliza, "Mama ametoka wapi? Mnafahamiana na mwalimu?"

Mektilda alifungua kinywa. Mpaka leo angependa kuamini kwamba alikuwa karibu kusema. Lakini Nyanjige alimtangulia.

"Mimi wa Dutwa tu, mama. Nimemsindikiza mwenzangu huyu. Mwalimu tunamsikiaga kwa jina."

Kisha akamshika Bi Fatu mkono, wakaenda kituoni kutafuta basi. Mektilda akabaki na chupa ya soda mkononi, masikio yakimwaka moto. Alikuwa amemkana mama yake mbele za watu, na mama yake, badala ya kumuumbua, alikuwa amemsaidia kumkana.

Jumapili yake alikwenda Dutwa. Alimkuta Nyanjige amesharudi kutoka kanisani, ameketi mlangoni anabangua karanga. Nyanjige aliinuka, akamletea kiti cha mbao kilichowekwa kwa ajili ya wachungaji, akakifuta kwa khanga. Kisha akaleta maji ya kunawa, wali, na kuku. Mektilda aliyatazama yote hayo. Siku zote akifika nyumbani hapo alikuwa anakaa chini mkekani na kuchukua karanga kwenye ungo bila kuombwa. Sasa alikuwa mgeni.

"Mama, nimekuja kukuomba msamaha."

"Kula kwanza."

"Sitaweza kula."

"Basi funika, utabeba." Nyanjige aliendelea na karanga zake. "Hukusema uongo, Mektilda. Mume wa Milembe alikunywa hapa fedha za pamba zote, na Milembe akaja kulia pale pale ulipokaa. Namwonaga kanisani mpaka leo. Namwachia nafasi apite kwanza."

"Ila wewe hukukosa adabu."

"Ulisema tulikosa."

Mektilda aliinuka kitini. Alipiga magoti kwenye vumbi, na mama yake akamwacha pale kwa muda kabla ya kumwambia ainuke, majirani wanapita.

Njiani alikuwa amepanga jambo, na sasa akalitoa. Mkutano ujao, alisema, angemwita mama yake mbele. Angemkalisha kwenye kiti cha heshima, angewaambia watu wote kwamba huyu ndiye mama yangu, na mama mwenyewe angesimulia jinsi alivyofanya kazi. Alikuwa anaongea haraka, na kadiri alivyoongea ndivyo wazo lilivyozidi kumpendeza. Alishauona ukumbi ukipiga makofi.

Nyanjige aliupepeta ungo mara mbili tatu, maganda yakaruka.

"Unataka nisimamishwe pale watu wanitazame, ili wewe upate usingizi."

"Siyo hivyo, mama."

"Ndivyo. Hukuniuliza ulipotaka kunificha. Leo umekuja kunitoa, nako huulizi, unanipangia na kiti cha kukalia." Sauti haikupanda hata kidogo. "Mimi nilitembezwa soko zima na pipa kichwani. Nilishaonwa. Sina haja ya kuonwa tena."

Mektilda alirudi Bariadi na kuku wake kwenye bakuli la plastiki. Nyumbani mumewe alimla kwa furaha na kumsifia mkwe wake kwa upishi. Mektilda aliingia jikoni, akajifanya anaosha vyombo.

Wiki mbili zikapita. Shuleni alifundisha, kwenye kikundi alihudhuria, na kila mzee Januarius alipolisifia jibu lake la ukumbini, alihisi kama anavuliwa nguo. Wenzake walikuwa wamelipenda. Walikuwa wanalinukuu.

Ndipo Faraja akapiga simu. Alikuwa na furaha ya mtafiti aliyepata alichokitafuta. Alikuwa amemfuata Bi Fatu Dutwa, alisema, na Bi Fatu akampeleka kwa jirani yake, bibi mmoja aliyepika pombe misimu yote ile. Bibi huyo amekubali kurekodiwa, na amekubali sauti yake isikike kwenye mkutano ujao. Mzee Januarius naye ameridhia. "Ila mwalimu, akinogewa anahamia Kisukuma, nami naachwa nje. Nakuomba unitafsirie sehemu hizo. Wewe si ndiye mwenyeji wa Dutwa?"

"Nani amekuambia mimi ni wa Dutwa?"

"Bi Fatu. Kuna ubaya?"

"Hapana," Mektilda alisema. "Hakuna ubaya."

Walikaa kwenye chumba kidogo cha kikundi, mlango umefungwa, Faraja na kalamu yake, Mektilda na vifaa vya kusikilizia masikioni. Sauti ya mama yake ikaingia moja kwa moja kichwani, karibu kabisa, kama alivyokuwa akimwamsha zamani kwenda kuchota maji.

Nyanjige alieleza jinsi mtama unavyolowekwa na kufunikwa mpaka uote, na jinsi ya kukisikiliza chungu kinapochemka. Alieleza kwamba mwenye duka alimtegemea yeye, kwa kuwa mkulima aliyekaa kunywa ndiye aliyechelewa basi, na aliyechelewa basi alinunua khanga ya mkewe Dutwa badala ya kwenda kuinunua mjini. Alisimulia habari za mgambo aliyemtwisha pipa, ambaye wiki iliyofuata alirudi usiku kuomba kikombe, naye akamwambia akaliombe lile pipa lenyewe, kwani walishazoeana. Faraja alikuwa anacheka kwenye rekodi. Mektilda hakuwahi kukisikia kisa hicho. Hakuwahi kuuliza.

Kisha sauti ikashuka, ikahamia Kisukuma.

"Hapa anasemaje?" Faraja aliuliza, akasimamisha.

Mektilda alivua vifaa, akavishika mapajani. "Anasema kuna watu aliowaumiza kwa kazi ile. Anawajua kwa majina. Anasema hakuna siku aliyoipenda, ila aliijua vizuri, na mtu akijua kitu vizuri hakosi kujivunia kidogo, hata kama ni kibaya."

"Safi sana. Na mbele?"

Mbele, Faraja alikuwa amemuuliza kama ana watoto. Mektilda alisikiliza kipande hicho mara moja. Akakirudia, siyo kwa sababu hakukielewa.

"Anasema anaye mmoja, wa kike. Alimsomesha. Anasema..." Alivua vifaa masikioni. "Anasema, jina lake usiandike, ana kazi ya mbele za watu. Alipokuwa mdogo wenzake walimcheka kwa harufu ya nguo zake, akawa anazifua mwenyewe usiku ili mimi nisijue. Nilikuwa najua. Nilikuwa nasikia maji yakimwagika. Aibu yake niliipika mimi, kwa hiyo nami niinywe kidogo."

Faraja aliandika mpaka mwisho wa sentensi kabla ya kuinua uso. Mektilda hakuwa analia kwa sauti. Machozi yalikuwa yanateremka tu, na hakuyafuta.

"Huyo mtoto ni mimi," alisema. "Siku ile nilimwona. Kabla ya kujibu nilikuwa nimeshamwona."

Faraja aliweka kalamu mezani. Hakumwambia kwamba si kitu, wala hakumgusa bega. Mwishowe alisema polepole, "Kipande cha mtoto nitakikata. Yeye mwenyewe ameomba. Mengine yabaki."

Jioni hiyo Mektilda alimpigia mama yake. Alimwambia kwamba ameisikia rekodi, na kwamba safari hii anauliza, hapangi. Akiitambulisha sauti hiyo ukumbini, aseme ni ya nani?

Kwenye simu kukasikika mbuzi.

"Jina langu nilishampa yule binti. La kwako ni lako. Ukitaka kulisema, liseme. Ukitaka kulificha, mimi nilishazoea. Lakini usije ukaniambia umelisema kwa ajili yangu."

Mkutano wa pili ulijaa kuliko wa kwanza. Mzee Luhende alikuwepo, mstari ule ule. Bi Fatu alikuja, safari hii peke yake. Mektilda alikuwa ameandika utangulizi kwenye karatasi, lakini alipofika mbele herufi zilimchezacheza, akaikunja.

"Sauti mtakayoisikia ni ya mama Nyanjige wa Dutwa," alisema. "Alipika pombe misimu ya pamba. Ni mama yangu mzazi. Mwezi uliopita niliposema hapa kwamba wanawake hao walikosa adabu, alikuwa amekaa pale nyuma, na nilikuwa nimemwona."

Alitegemea minong'ono. Hata kuzomewa angekupokea. Lakini watu walitazama chini tu, kama watu walioingia chumba cha mwenzao kwa bahati mbaya wakamkuta anavaa. Mzee Januarius alikohoa. Mzee Luhende aliigeuza kofia yake mara moja, akairudisha ilivyokuwa, na hakumtazama mkwewe tena mpaka mwisho. Mektilda alikuwa amefikiri kwamba akishasema atapumua. Hakupumua. Uso ulimwaka mpaka shingoni, na ikambidi abonyeze kitufe mwenyewe ili sauti ianze.

Ilipofika kwa mgambo na pipa, ukumbi uliangua kicheko. Bi Fatu alicheka mpaka akajifuta macho kwa ushungi. Yule mwanamume aliyedakia mara ya kwanza alicheka kuliko wote. Walimpenda. Mektilda alisimama kando ya spika, mikono mbele kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini, akiwatazama wageni wakimpenda mama yake kwa dakika chache kwa namna ambayo yeye hakuwahi kuthubutu mbele ya mtu yeyote.

Mwisho watu walizunguka meza ya Faraja. Wengine walimpita Mektilda na kumpa mkono bila neno. Bi Fatu alimpita bila kumpa mkono. Alipofika mlangoni akageuka. "Leo umesema," alisema, akatoka.

Ilipofika jioni alipiga Dutwa.

"Walikuja wengi?" Nyanjige aliuliza.

"Wengi sana, mama. Wengine walisimama."

"Walicheka pale kwenye pipa?"

"Walicheka mpaka tukasimamisha kidogo."

"Ehee." Kwa mara ya kwanza tangu siku ile Mektilda alisikia kitu kama furaha kwenye pumzi ya mama yake. Alisubiri aulizwe alichosema yeye. Alikuwa amekitayarisha, neno kwa neno.

"Jumamosi tunachuma pamba ya shamba la kanisa," Nyanjige alisema. "Watu hawatoshi. Uje na nguo za kazi, na kofia. Milembe naye atakuwepo."

"Nitakuja, mama. Mama, leo mimi nilisema..."

"Usichelewe, jua linawahi," alisema Nyanjige, akakata simu.